Trekta la mvuke la kale lina thamani gani? Njia nne za kupata bei, na nani afuate ipi

Mwenye Toyota anayetaka kuuza hana kazi kubwa: anafungua simu, anaangalia magari kama lake yanauzwaje, anapunguza kidogo kwa ajili ya bampa lililopasuka, basi. Mwenye trekta la mvuke hana bahati hiyo. Charles Burrell & Sons wa Thetford, moja ya majina yanayotafutwa sana Uingereza, walitengeneza injini zipatazo 4,000 hadi walipofunga kiwanda mwaka 1928. Zilizobaki leo ni mia chache, na hata hizo hazifanani: hii imebadilishwa magurudumu, ile imewekewa boila (tangi la kuchemshia maji yawe mvuke) mpya, nyingine imekaa ghalani miaka mingi bila kuwashwa. Ukitaka kulinganisha, huenda injini iliyo karibu na yako iliuzwa mara ya mwisho miaka sita iliyopita.

Kwa asiyewahi kuliona: trekta la mvuke ni mashine ya chuma ya tani 10 hivi, yenye boila ya kulala, gurudumu kubwa la kuzungusha mkanda ubavuni na bomba la moshi mbele. Huchoma makaa ya mawe, na Marekani mara nyingi kuni au hata majani makavu ya ngano. Kazi yake ilikuwa kuendesha mashine za kupura nafaka, kuvuta majembe na kubeba mizigo barabarani kabla ya injini za dizeli kuimaliza kazi hiyo. Uingereza mengi yalikatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu. Mapenzi ya kuyahifadhi yalipata nguvu baada ya tarehe 8 Julai 1950, watu wawili walipoyashindanisha matrekta yao katika uwanja wa Appleford, na zawadi ya mshindi ilikuwa pipa dogo la bia. Kwa hiyo soko tunalolizungumzia ni la wapenzi. Hakuna anayenunua ili akalime.

Njia za kukadiria bei ziko nne: kufuatilia matokeo ya minada, kusoma matangazo ya wauzaji, kuajiri mthamini, na kupiga hesabu ya gharama za matengenezo. Watu hubishana ipi ni bora. Mimi naona ugomvi huo hauna maana mpaka useme bei unaitakia nini, na mpaka ujue hali ya boila. Bila kujua hali ya boila, njia zote nne zinapima rangi.

Vigezo vya kulinganishia

Kila njia nitaiuliza maswali yaleyale. Inagharimu nini, kwa fedha na kwa muda? Inakuonyesha fedha iliyolipwa kweli au matumaini ya mtu? Inaiona mashine yako yenyewe, au inaona zinazofanana nayo tu? Na je, kampuni ya bima, watu wa kodi au mwanasheria wa mirathi watalikubali jibu lake?

Kabla ya njia yoyote: ijue mashine

Aina ndiyo hukata sehemu kubwa ya bei. Ngazi ya chini, kwa injini za ukubwa kamili zinazojiendesha, kwa kawaida ni rola la barabara, lile la kushindilia kokoto. Aveling & Porter wa Rochester walitengeneza mengi, na mengi yamebaki kwa sababu halmashauri ziliendelea kuyatumia muda mrefu. Rola zima nchini Uingereza huzungumzwa kwa makumi ya maelfu ya pauni. Juu yake yako matrekta ya shambani ya silinda moja, kisha yenye silinda mbili zinazotumia mvuke uleule mara mbili, ambayo mafundi huyaita kompaundi. Yanafuata yale ya barabarani yenye springi na matangi ya ziada ya maji. Kileleni yapo matrekta ya maonyesho, yaliyovuta bembea na farasi wa mbao kutoka mji hadi mji na kuzizalishia umeme usiku. Yana paa refu, nguzo za shaba zilizosokotwa na dainamo mbele ya bomba la moshi. Hayo huenda kwenye mamia ya maelfu ya pauni.

Tofauti hii ya ngazi imezaa biashara yake. Marola mengi yaligeuzwa kuwa matrekta ya kawaida, mengine yakavalishwa paa na shaba yafanane na ya maonyesho. Kazi inaweza kuwa nzuri sana, lakini mnunuzi anayejua atalilipia kama rola lililogeuzwa. Namba ya kiwanda ndiyo inayosema ukweli. Kumbukumbu za kampuni kama John Fowler wa Leeds zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Maisha ya Vijijini ya Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading, na chama cha Road Locomotive Society, kilichoanzishwa mwaka 1937, kinakusanya taarifa za injini mojamoja. Ukiandikia namba, unaweza kujua ilitoka kiwandani ikiwa nini na ikaenda kwa nani.

Injini za kulimia za Fowler zina jambo lake la pekee. Zilifanya kazi mbilimbili, moja kila upande wa shamba, zikivutana jembe kwa waya uliozungushwa kwenye ngoma kubwa chini ya boila. Moja hujengwa ya mkono wa kulia, nyingine ya kushoto. Jozi iliyotoka kiwandani pamoja na bado iko pamoja ina thamani inayozidi injini mbili zilizookotwa huku na kule, na anayeigawa ili auze haraka hupoteza tofauti hiyo moja kwa moja.

Sasa boila. Nimesimama pembeni mara nyingi mkaguzi akifanya kazi yake, na sijaona dakika nyingine katika biashara hii inayobadilisha bei kwa kasi hiyo. Anakwangua rangi pahali padogo, anapaka jeli, anabonyeza kichwa cha kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya bati. Namba inatokea kwenye kioo, kwa milimita, anaiandika kwa chaki palepale. Anasogea inchi chache, anapima tena. Bati lililotoka kiwandani na unene wa karibu nusu inchi, yaani milimita 12 na ushei, linaweza kusoma 11 juu na 7 chini. Hapo mwenye mali huacha kuongea.

Sehemu za kutazamwa zinajulikana: chini ya tanuri pale tope linapotulia, kuzunguka vimilango vya kutolea tope hilo, sehemu ya chini ya pipa la boila jirani na kisanduku cha moshi, na popote ambapo maji ya mvua yamenasa chini ya bati la kufunikia. Vijiti vinavyoshikiza kuta za tanuri navyo huliwa. Muuzaji akikwambia amebadilisha mirija, ile ya kupitisha moshi wa moto ndani ya boila, mpongeze, lakini mirija mipya haifanyi boila kuwa mpya. Mirija hubadilishwa kama kazi ya kawaida. Tanuri jipya au boila kamili ni makumi ya maelfu ya pauni, na foleni ya karakana zinazoweza kuitengeneza ni ndefu.

Sheria nayo imo kwenye bei. Uingereza, Kanuni za Usalama wa Mifumo ya Shinikizo za mwaka 2000 zinamtaka mwenye boila awe na mpango wa ukaguzi ulioandikwa na kufanyiwa ukaguzi na mtu mwenye sifa. Trekta lenye cheti kinachoishi na lisilonacho ni bidhaa mbili tofauti. Marekani mambo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Tarehe 29 Julai 2001, trekta la kampuni ya Case la nguvu za farasi 110 lililipuka kwenye viwanja vya maonyesho vya kaunti ya Medina, Ohio, maji yaliposhuka chini ya paa la tanuri, na watu 5 wakafa. Ohio ikatunga sheria ya boila za kihistoria, na wanunuzi kote nchini wakaanza kuuliza maswali ambayo awali waliona aibu kuuliza. Mojawapo ni mshono wa pipa: boila ambayo mabati yake yamepishanishwa na kupigwa ribiti huruhusiwa shinikizo dogo kuliko ile ambayo mabati yamekutanishwa ncha kwa ncha na kufungwa kwa mikanda ya chuma. Kampuni ileile, ukubwa uleule, bei tofauti, kwa sababu ya mshono.

Njia ya kwanza: matokeo ya minada

*Gharama na muda.* Karibu bure. Nyumba za mnada huchapisha katalogi na matokeo mtandaoni. Kwa Uingereza, Cheffins, wanaouza mashine za kale karibu na Ely, ndio wengi huanzia. Marekani kuna Aumann wa Illinois na minada ya matrekta ya Mecum. Muda ndio utakaolipa, kwa sababu kupata mauzo matatu manne yanayofanana na mashine yako huweza kukurudisha nyuma miaka kadhaa.

*Fedha halisi?* Ndiyo, na hiyo ndiyo nguvu yake kuu. Lakini soma kwa makini ni bei gani iliyochapishwa. Bei ya nyundo, ile ya mwisho iliyotajwa mnadani, sio aliyotoa mnunuzi wala aliyopokea muuzaji. Chukua mfano wa kubuni: nyundo imegonga pauni 100,000, na ada ya mnunuzi ni asilimia 10 pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20 juu ya ada hiyo. Mnunuzi ametoa 112,000. Muuzaji akikatwa kamisheni ya asilimia 5 na kodi yake, amepokea 94,000. Tofauti ya 18,000 katika mauzo yaleyale, na watu hulinganisha namba hizi bila kuuliza ipi ni ipi. Nyumba nyingine huchapisha bei ikiwa na ada ndani, nyingine bila ada.

*Inaiona mashine yako?* Hapana. Inaona jirani yake. Tena inaiona siku moja, ndani ya uwanja mmoja. Watu wawili matajiri wakigombania kitu kimoja wanaweza kuipaisha bei mahali ambapo haitarudi mwezi ujao. Mkusanyo wa mtu mashuhuri aliyefariki huuzwa kwa hisia, bei hupanda. Usisahau pia zile ambazo hazikuuzwa kwa sababu hazikufikia kiwango cha chini alichoweka mwenyewe. Katika orodha nyingi hupotea kimya, ilhali zinakuambia soko lilikataa nini. Mimi huwa natazama hizo kwanza.

*Inakubalika wapi?* Kama ushahidi, karibu kila mahali. Kama jibu peke yake, mara chache. Mthamini naye ataanzia hapohapo.

*Inamfaa* mtu mwenye mashine ya aina inayouzwa mara kwa mara: rola la Aveling, trekta la Marshall la shambani, Case la nguvu za farasi 65. J. I. Case wa Racine, Wisconsin, alitengeneza injini za mvuke zaidi ya 30,000, kwa hiyo mwenye Case ana mifano ya kutosha. Mwenye injini ya mtengenezaji mdogo ambayo zimebaki mbili duniani atatazama matokeo ya mnada mpaka macho yaume.

Njia ya pili: matangazo ya wauzaji na madalali

*Gharama na muda.* Hakuna gharama, na matangazo yapo kila siku.

*Fedha halisi?* Hapana. Ni bei ya kuombwa. Tangazo linaloonekana wiki hii likiwa limekaa miezi kumi na minne linakuambia jambo moja tu: kwa bei hiyo, hakuna aliyekubali. Hata hivyo matangazo yana faida ambayo mnada hauna. Muuzaji mzuri huandika historia ya boila, tarehe ya ukaguzi, unene wa mabati, picha za ndani ya tanuri. Kwa hiyo unajifunza mashine yenye hali fulani inaombewa kiasi gani, na hilo ni somo.

Ukitumia njia hii, hifadhi matangazo. Piga picha ya skrini, andika tarehe. Bei ikishuka mara mbili ndipo tangazo likatoweka, umeshapata makisio ya karibu ya palipofikiwa makubaliano.

*Inaiona mashine yako?* Hapana, ila inakupa maelezo mengi ya zinazofanana nayo. Kumbuka kwamba dalali mwenye karakana yake anauza vitu vitatu pamoja: mashine, ukaguzi alioufanya na jina lake. Bei yake kuwa juu ya mnada haimaanishi anaiba. Mnunuzi anayenunua mnadani analipa kidogo na anabeba hatari yote mwenyewe.

Upungufu mkubwa uko kwingine. Injini za hadhi ya juu mara nyingi hazitangazwi kabisa. Hupita kati ya watu wanaojuana, kwa simu moja, na bei haitajwi. Mtu anayesoma matangazo tu atadhani soko la matrekta ya maonyesho limekufa.

*Inakubalika wapi?* Bima wanaweza kulitazama. Mamlaka za kodi hazitaridhika nalo.

*Inamfaa* mnunuzi anayetaka kuzoesha jicho kabla ya kwenda kuona mashine, na muuzaji ambaye hana haraka.

Njia ya tatu: mthamini

*Gharama na muda.* Hii inalipiwa, na inalipiwa mapema. Mthamini wa kweli hutoza kwa saa, kwa siku au kwa kazi. Akikuambia atachukua asilimia ya thamani atakayoiandika, ondoka. Viwango vya uthamini vya Marekani vinakataza malipo yanayotegemea kufikia namba iliyopangwa mapema, na sababu iko wazi.

*Fedha halisi?* Anatumia mauzo halisi, kisha anaongeza hukumu yake. Ubora wa ripoti unategemea ameona mauzo mangapi ambayo wewe hukuyaona, hasa yale ya kimyakimya.

*Inaiona mashine yako?* Ndiyo, na ndicho unachonunua. Ila elewa mipaka yake. Mthamini wa mali za kale kwa kawaida hakagui boila. Anaandika “kwa mujibu wa cheti kilichoonyeshwa” na kuendelea. Ni watu wawili tofauti, kazi mbili tofauti, na wenye busara huwaita wote, mkaguzi akitangulia. Nimesoma ripoti yenye kurasa nyingi juu ya michoro ya rangi ya tangi na mstari mmoja juu ya tanuri. Ilikuwa imefungwa vizuri.

Mweleze pia unataka thamani ya namna gani, maana atakupa namba tofauti kwa kila swali. Thamani ya soko ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wasiolazimishwa wangekubaliana. Thamani ya bima huwa juu zaidi, kwa kuwa ni gharama ya kupata nyingine kama hiyo, pamoja na muda wa kuitafuta. Thamani ya kuuza kwa haraka ni ya chini. Mtu akichukua ripoti ya bima na kuitumia kuombea bei, anajidanganya. Akichukua ya soko na kukatia bima, siku ya moto atalia.

Vipi makadirio ya bure ya nyumba ya mnada? Ni msaada mzuri, na watu wake wanaona mashine nyingi. Lakini wana maslahi. Wakitaka uwape kazi watakadiria juu, wakitaka umati uje watachapisha chini. Yachukue kama maoni ya mtu mwenye duka.

*Inakubalika wapi?* Popote. Kwa mirathi Uingereza, watu wa kodi hutaka thamani ya soko huria siku ya kifo, na ripoti ya mthamini anayefuata viwango vya RICS, chama cha kitaalamu cha wathamini na wapimaji, husimama vizuri. Marekani, anayetoa mashine kwa makumbusho na kudai nafuu ya kodi inayozidi dola 5,000 huhitaji tathmini ya mtu anayetambulika.

*Inamfaa* yeyote ambaye namba yake itasomwa na mtu wa tatu: hakimu, ofisa wa kodi, ndugu wanaogawana urithi, kampuni ya bima.

Njia ya nne: hesabu ya gharama

*Gharama na muda.* Karatasi, kalamu, na simu kwa karakana mbili au tatu. Ukitaka iwe na maana, ongeza ada ya mkaguzi wa boila.

Hii ni njia ya mnunuzi wa mashine mbovu. Unaanza na bei ya mashine kama hiyo ikiwa nzima, unatoa kila kitu kitakachotumika kuifikisha huko. Mfano wa kubuni tena: ikiwa nzima ina thamani ya 90,000. Boila na tanuri 45,000. Gia, magurudumu na shaba 15,000. Usafiri 2,000. Jumla 62,000, na kwa kuwa chuma cha miaka mia hakikosi kukushtua, ongeza asilimia 20, yaani 12,400. Umefika 74,400. Kinachobaki cha kumpa muuzaji ni 15,600. Muuzaji anaomba 30,000 na anakuambia kwamba “imebaki kazi ndogo tu”. Sasa mna kitu cha kuzungumza.

*Fedha halisi?* Nusu. Gharama ni halisi ukizipata kwa maandishi. Ile namba ya juu, ya mashine nzima, umeikopa kutoka njia ya kwanza, na ikikosewa kila kitu chini yake kimekosewa.

*Inaiona mashine yako?* Kuliko njia zote. Inakulazimisha uhesabu hadi boliti.

Hatari yake ni kuitumia kinyume. Mwenye mashine hujumlisha risiti zake zote za miaka na kusema, “Nimeweka 110,000, siwezi kuuza chini ya hapo.” Soko halijui risiti zako. Kwa rola la kawaida, gharama ya matengenezo kamili inaweza kuizidi kabisa bei ya kuliuza likiwa linang'aa. Kwa trekta la maonyesho hali inaweza kuwa kinyume, kwa hiyo mabaki ya Burrell wa aina hiyo yanagombaniwa hata yakiwa vipande. Na ule msemo wa “thamani ya chakavu” uachane nao: siku hizi hata mashine mbovu ina sahani za jina, taa na vyuma vya kusubu ambavyo ukivipima kwa kilo umeshapoteza.

*Inakubalika wapi?* Kwa bima ya mashine iliyo katikati ya matengenezo, ndiyo. Kwa mirathi, kama nyongeza tu.

*Inamfaa* mnunuzi wa kazi ambayo haijaisha, na fundi anayejua gharama za mikono yake mwenyewe.

Mambo mawili yanayovuruga njia zote

La kwanza ni historia. Mwaka 1915, matrekta mawili ya mvuke yalivuta mashua za kivita za Kiingereza, *Mimi* na *Toutou*, kupitia misitu na milima ya Katanga hadi Sankisia, zikielekea Ziwa Tanganyika kupambana na meli za Wajerumani. Njia ililazimika kukatwa na madaraja mengi kujengwa. Injini yenye hadithi kama hiyo, na namba ya kiwanda inayolingana na karatasi za wakati ule, ingeuzwa juu ya dada zake bila ubishi. Hadithi hiyohiyo bila karatasi haiongezi hata senti, na wauzaji wanaosimulia vizuri ni wengi.

La pili ni mahitaji. Walioanza hobi hii baada ya vita wamezeeka au wameondoka, na mikusanyo yao inaingia sokoni. Makaa ya mawe yamekuwa taabu kupatikana Uingereza migodi ikifungwa, na tamasha kubwa la Great Dorset Steam Fair, lililoanza mwaka 1969, halikufanyika mwaka 2023 kwa sababu ya gharama. Kwa upande mwingine, maonyesho ya Mount Pleasant huko Iowa na Rollag huko Minnesota, Marekani, bado hujaza watu kila mwaka kutazama ngano ikipurwa kwa mvuke. Mauzo ya miaka kumi iliyopita yapunguzie uzito, hasa kwa marola na mashine za kawaida.

Kwa hali yako

Umerithi na hujui hata mlango wa tanuri uko wapi: usiiwashe, usiisafishe kwa kupaka rangi, usiuze sahani ya jina kwa mgeni wa kwanza. Tafuta namba ya kiwanda, kusanya vyeti vyote vya zamani vya boila, muite mthamini. Mkaguzi wa boila aje hata kama mnaona ni ghali. Ada yake ni ndogo kuliko kosa la bei.

Unauza na huna haraka: anza na matokeo ya minada, hakiki kwa matangazo uliyohifadhi, tangaza mwenyewe ukiweka vipimo vya boila wazi. Wenye haraka waende mnadani na wakubaliane mapema juu ya kiwango cha chini na kamisheni, kwa maandishi.

Unanunua kwa mara ya kwanza, unataka ya kuwasha msimu huu: bei ya dalali mwenye karakana inaweza kuwa nafuu kwako kuliko ya mnada, kwa sababu hujui bado unachokitazama. Unanunua mbovu: hesabu ya gharama, na usiifanye siku uliyoipenda.

Unakata bima: ripoti ya mthamini kwa thamani ya kukubaliana, yaani kiasi mnachopatana mapema na kampuni ya bima, irudiwe kila miaka michache, na uulize kama boila yenyewe inahitaji bima yake tofauti.

Mashine iko nje ya Uingereza au Marekani, tuseme kwenye shamba la mkonge au mgodi wa zamani kusini mwa Afrika, ambako nyingi zimetoka na kurudishwa Uingereza: bei ya huko ni bei ya Uingereza ukitoa gharama za kreni, lori, bandari, meli, ushuru na boila ambayo karibu hakika imeliwa. Mara nyingi kinachobaki ni kidogo. Kabla ya kuigusa, nenda kwa mamlaka ya makumbusho ya nchi husika uulize kama ruhusa ya kuitoa ipo. Ukiipata, mkaguzi asafiri kwanza, pesa zifuate.